Mpira wa Kikapu: Faulo, Saa, na Watu wa Mezani

Mtu aliyezoea kutazama mpira wa miguu, akienda kwa mara ya kwanza kutazama mpira wa kikapu, hustaajabu kwa mambo mawili. La kwanza ni wingi wa vipenga: mchezo haujaenda hata dakika tatu, na kipenga kimekwisha kulia mara tano au sita. La pili ni ile meza iliyowekwa kando ya uwanja, na watu watatu au wanne walioketi nyuma yake wakiwa na karatasi, saa na vibao vyenye nambari. Huuliza, "Hawa nao wana kazi gani hapa?" Jawabu ni kwamba watu hawa ni wasimamizi wa mchezo sawa na wale wanaokimbia uwanjani, na ya kuwa mchezo wa kikapu ukiharibika, mara nyingi huharibikia mezani.

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya walimu wa michezo, vijana wa shule, wafanyakazi wa mashamba ya maua yaliyo kando ya ziwa Naivasha, na kila mtu ambaye siku ya Jumamosi huitwa ghafula akaambiwa, "Hebu tushikie saa," ilhali hakufundishwa neno lo lote. Sheria tunazozieleza ni zile za FIBA, chama cha dunia kilichoanzishwa Geneva mwaka 1932, nazo ndizo zinazofuatwa katika mashindano ya Kenya.

Asili ya kazi hii

Mchezo huu ulibuniwa na mwalimu mmoja, James Naismith, katika mji wa Springfield, Marekani, mwezi wa Desemba 1891. Aliandika sheria 13 tu. Yafaa msomaji ajue kwamba katika sheria hizo chache walikuwamo tayari waamuzi wawili wenye kazi mbalimbali. Mmoja aliwatazama watu: nani amemsukuma mwenziwe, nani amemshika, nani amempiga, naye aliziandika faulo zao. Wa pili aliutazama mpira, akaamua ni wa nani na umetoka lini, na yeye ndiye aliyeishika saa. Mchezo ulikuwa wa nusu mbili za dakika 15, na mapumziko ya dakika 5 katikati. Mchezaji aliyefanya faulo ya pili alitolewa nje mpaka kikapu kingine kifungwe. Timu iliyofanya faulo tatu mfululizo, bila ya wapinzani kufanya hata moja katikati, iliwapa wapinzani bao.

Tangu siku zile sheria zimeongezeka sana, lakini mgawanyo wa kazi umebaki ule ule. Siku hizi uwanjani wapo waamuzi wawili au watatu, na mmoja wao ndiye mkubwa wa wenzake. Mezani wapo karani wa karatasi na msaidizi wake, mshika saa ya mchezo, na mshika saa ya sekunde 24. Katika mpira wa miguu mwamuzi mmoja hubeba saa mkononi mwake, nayo hutembea hata mpira ukiwa nje. Muda uliopotea yeye ndiye auongezaye mwishoni kwa kadiri aonavyo. Katika mpira wa kikapu hakuna kuongeza. Kila sekunde huhesabiwa mbele ya macho ya watu wote, na saa husimama kila kipenga kinapolia. Kwa hiyo mchezo wa dakika 40, yaani robo nne za dakika 10, huweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi. Mtu asidhani kwamba muda huo umechezewa ovyo.

Ngumi na kiganja

Sheria hutenganisha makosa ya namna mbili. Namna ya kwanza ni kuivunja kanuni bila ya kumkosea mtu: kutembea na mpira, kuudunda tena baada ya kuukamata, kutoka nje ya mstari, kukaa zaidi ya sekunde 3 katika eneo lililo chini ya kikapu cha wapinzani, na mengine kama hayo. Adhabu yake ni kupoteza mpira tu, na haliandikwi mahali po pote. Namna ya pili ni faulo. Faulo ni kumgusa mpinzani isivyo halali, au kuwa na mwenendo usiomfaa mchezaji, nayo huandikwa katika karatasi kwa jina la aliyeifanya na kuhesabiwa juu ya timu yake.

Mwamuzi akiona kosa la namna ya kwanza hupiga kipenga na kuinua mkono mmoja, kiganja wazi na vidole pamoja. Akiona faulo, huinua mkono mmoja uliokunjwa ngumi. Ishara hizi si mapambo. Ni amri kwa mshika saa: simamisha saa sasa hivi! Katika uwanja wa nje, ambapo watazamaji nao hupiga miluzi na upepo wa alasiri kutoka ziwani huchukua sauti, mshika saa hawezi kutegemea masikio peke yake. Hana budi kuuona mkono. Kwa sababu hiyo mwamuzi ambaye hupiga kipenga huku ameangusha mikono amefanya nusu ya kazi yake.

Nani amemgonga nani?

Hapa ndipo penye ugomvi mwingi, na hapa twataka kukaa kidogo.

Watazamaji wengi hudhani kila mguso ni faulo. Sivyo. Watu kumi wanaokimbia katika uwanja wa mita 28 kwa 15 hawawezi kucheza dakika 40 bila ya kugusana. Sheria humtaka mwamuzi ajiulize kama mguso ule umemnyima mtu haki yake au kumpa mwingine faida asiyostahili. Mabega yakigusana kidogo wawili wanapokimbilia mpira uliolegea, na kila mmoja akaendelea na njia yake, hapana faulo. Lakini mkono mdogo ukigusa kiwiko cha mtu anayetupa, mpira ukapotoka, hiyo ni faulo ijapokuwa watu wa pembeni hawakuona kitu.

Kipimo cha pili ni mahali. Kila mchezaji ana haki ya mahali aliposimama, na ya hewa iliyo juu yake, kana kwamba yumo ndani ya pipa lisiloonekana. Akiruka wima, na mikono yake imenyoshwa juu, hajamkosea mtu, hata mwenye mpira akija na kumgonga. Bali akiinamisha mikono mbele, au akitanua mguu au nyonga nje ya pipa lake, mguso utakaotokea ni dhambi yake.

Tuseme timu ya Karagita inacheza na timu ya Kihoto. Kijana wa Karagita ana mpira, anakimbilia kikapu. Mlinzi wa Kihoto anamkabili uso kwa uso, na miguu yake miwili iko chini. Wakagongana kifua kwa kifua, wote wawili wakaanguka. Uwanja mzima unapiga kelele, nusu hivi na nusu vile. Mwamuzi atafanyaje? Atajiuliza swali moja: ni nani aliyefika mahali pale kwanza? Kama mlinzi alikwisha simama hapo kihalali kabla ya mwenzake kuruka, faulo ni ya mwenye mpira. Mwamuzi hupiga kiganja cha mkono mmoja kwa ngumi ya mkono wa pili, na mpira huenda Kihoto. Kama mlinzi aliingia njiani baada ya mwenzake kwisha kuruka, faulo ni ya mlinzi, na mwamuzi huweka mikono miwili kiunoni. Si lazima mlinzi awe amesimama kama mti. Anaweza kurudi nyuma au kwenda kando ili kukilinda kifua chake, naye hajapoteza haki. Wengi hawalijui neno hili, na waamuzi wasiolijua huwaadhibu walinzi wazuri bure.

Kwa mtu asiyekuwa na mpira sheria ni laini zaidi. Mlinzi hana ruhusa ya kumzukia ghafula mtu anayekimbia bila ya mpira. Yampasa kumwachia nafasi ya hatua moja au mbili ili aweze kusimama au kugeuka. Lakini mwenye mpira hutazamiwa kujua kwamba atazuiwa wakati wo wote, kwa hiyo hapewi nafasi hiyo.

Mwamuzi ataonaje haya yote? Siri yake ni pale asimamapo. Asiutazame mpira, autazame mwanya ulio kati ya mlinzi na mwenye mpira. Akisimama nyuma ya mmoja wao, migongo miwili itamziba, naye atakisia. Mwamuzi anayekisia hujulikana upesi, na wachezaji wakiisha kumjua, mikono huanza kufanya kazi ambayo ingefanywa na miguu.

Safari ya kwenda mezani

Kipenga kikiisha kulia kwa faulo, mwamuzi huenda mahali ambapo karani anaweza kumwona vyema, akasimama. Asiseme akiwa anatembea. Huonyesha mambo matatu kwa mpango: kwanza nambari ya mchezaji kwa vidole, pili namna ya faulo, tatu kitakachofuata, yaani mitupo huru mingapi au mpira unaelekea upande gani. Kupiga kifundo cha mkono ni kwamba amempiga mwenziwe mkononi. Kusukuma hewa kwa viganja viwili ni kwamba amemsukuma. Kukamata kifundo cha mkono mbele ya kifua ni kwamba amemshika.

Karani husema nambari ile kwa sauti na kuandika. Kila mchezaji ana vyumba vitano katika karatasi, kwa kuwa faulo ya tano humtoa mchezoni asirudi tena. Kila faulo ikiandikwa, karani huinua kibao chenye nambari ya faulo za mchezaji yule, ili makocha wote wawili waone. Vibao hivi si lazima vinunuliwe. Vipande vitano vya karatasi ngumu ya sanduku la maua, vilivyoandikwa kwa rangi nyeusi na cha tano kwa nyekundu, hufanya kazi ile ile. Na juu ya karatasi ya mchezo, tafadhali, pawekwe jiwe. Upepo wa Naivasha saa kumi za alasiri hauna heshima kwa karatasi ya mtu.

Kuna hesabu ya pili, nayo ndiyo isahauliwayo. Faulo za wachezaji wote wa timu hujumlishwa katika kila robo. Zikifika nne, timu ile imekwisha maliza akiba yake. Tangu hapo, kila faulo ya mlinzi, hata ikiwa mbali na kikapu na hata kama mtu hakuwa akitupa, humpatia mpinzani mitupo huru miwili. Robo ikiisha hesabu hii huanza upya, ila katika muda wa ziada wa dakika 5: faulo za muda huo huongezwa juu ya zile za robo ya nne. Na faulo ya timu yenye mpira huhesabiwa pamoja na nyingine, lakini haileti mitupo huru. Karani akikosea hesabu kwa faulo moja tu, ama atainyima timu pointi mbili zilizo haki yake, ama ataipa zisizo zake.

Mtu akikosewa huku anatupa, hesabu ni nyepesi. Mpira ukiingia, kikapu ni halali na huongezewa mtupo mmoja. Usipoingia, hupewa mitupo miwili, au mitatu kama alikuwa nje ya mstari wa mita 6.75.

Faulo nyingine ni nzito zaidi. Mtu akimvuta mwenziwe jezi kutoka nyuma, au akimpiga kwa nguvu bila ya kujaribu kwa haki kuucheza mpira, huandikiwa faulo isiyo ya kiungwana: mitupo miwili kwa wapinzani, kisha na mpira ni wao. Ya pili ya namna hii humfukuza uwanjani. Matusi, kumbishia mwamuzi kwa ufidhuli au kuchelewesha mchezo kwa makusudi huleta faulo ya mwenendo, ambayo adhabu yake ni mtupo mmoja.

Saa hutembea lini?

Mshika saa anayeanza kazi hukosea mahali pamoja karibu kila mara. Mpira unaporushwa kutoka nje ya mstari, yeye huanzisha saa mara uliacha mkono wa mrushaji. Hilo si sawa. Saa huanza mpira unapoguswa na mchezaji aliye ndani ya uwanja. Vivyo hivyo, mtupo huru wa mwisho usipoingia, saa huanza mtu anapougusa mpira uliorudi. Na mwanzo wa mchezo, mpira unaporushwa juu kati ya wawili, saa huanza mmoja wao anapoupiga, wala si mwamuzi anapouachilia.

Saa husimama kila kipenga kinapolia, na kila robo inapoisha. Kikapu kikifungwa, saa huendelea kutembea. Lakini zikibaki dakika mbili au pungufu katika robo ya nne, na vile vile katika dakika mbili za mwisho za muda wa ziada, kila kikapu kikiingia saa husimama. Mshika saa aiandike kanuni hiyo katika kipande cha karatasi na kukiweka mbele yake, kwa maana dakika zile ni za makelele, na mtu husahau jina lake mwenyewe.

Msomaji ataweza kusema, "Sekunde moja ni kitu gani?" Tufanye hesabu. Tuseme katika robo moja saa husimamishwa mara 20, na mshika saa huchelewa sekunde moja kila mara. Timu zile zimenyang'anywa sekunde 20 katika robo, na 80 katika mchezo mzima. Timu inayofuata nyuma kwa pointi tatu ingeweza kuupata mpira mara tatu au zaidi katika muda huo.

Saa ya pili ni ile ya sekunde 24. Timu iliyopata mpira lazima iutupe kabla ya sekunde hizo kwisha, nao mpira uguse chuma cha kikapu au uingie. Desturi hii ilizaliwa na uchovu wa watazamaji. Tarehe 22 Novemba 1950, timu ya Fort Wayne Pistons iliishinda Minneapolis Lakers kwa 19 dhidi ya 18, mchezo mzima, kwa sababu wachezaji waliushika tu mpira bila ya kutupa. Mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, alipiga hesabu: mchezo wao ni wa dakika 48, yaani sekunde 2,880, mchezo mzuri una mitupo kama 120, gawanya, utapata 24. FIBA ilianza na sekunde 30 mwaka 1956, ikaja kwenye 24 mwaka 2000. Siku hizi, mpira ukigusa chuma na timu ile ile ikaupata tena, haipewi 24 bali 14.

Viwanja vyetu vingi havina saa ya umeme. Hapo hapana haja ya kukata tamaa. Mtu mmoja na awe na saa ya kusimamisha kwa kidole kwa ajili ya mchezo. Wa pili awe na nyingine kwa sekunde 24, atangaze kwa sauti kubwa zikibaki kumi, kisha ahesabu tano za mwisho. Ya tatu ya kawaida ikae mezani kwa mapumziko. Kengele ya shule au honi ya pikipiki itafaa kwa mwisho wa robo, maadamu sauti yake haifanani na kipenga. Pakiwa na timu nyingi na jua linakwenda, wenye mashindano huweza kupatana kwamba saa isisimame ila katika dakika mbili za mwisho. Hakuna ubaya, lakini mapatano hayo yafanywe kabla ya mchezo wa kwanza, na makocha wote wayasikie. Ubaya ni kuyabuni wakati timu moja imekwisha tangulia.

Pale faulo na saa zikutanapo

Zimebaki sekunde 40. Karagita wanaongoza kwa pointi nne na wana mpira. Wataucheza polepole, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Kihoto hawana njia ila moja: kumkamata mmoja wao mapema, saa isimame, apewe mitupo miwili, nao waombe akose. Huu si uhuni. Ni mbinu inayokubaliwa, nao hulipa bei yake.

Lakini mwamuzi awe na macho mawili. Mlinzi akienda kwa haki kuuchukua mpira na akamgusa mkono mwenye mpira, hiyo ni faulo ya kawaida. Akimkumbatia, au akimsukuma mgongoni, au akimkamata mtu aliye mbali asiyekuwa na mpira, ni faulo isiyo ya kiungwana, na Karagita watapata mitupo na mpira pia. Kuna waamuzi ambao, wakijua kwamba mlinzi anataka faulo, hukataa kupiga kipenga kwa mguso wa kwanza, wakidhani wanauachia mchezo uendelee. Matokeo yake ni kwamba mlinzi huongeza nguvu ili aonekane. Mguso wa pili huwa mzito kuliko wa kwanza, na wa tatu humwangusha mtu juu ya saruji. Kwa maoni yetu ni heri faulo ndogo ipigwe upesi kuliko kungoja kubwa.

Makocha nao hutumia mapumziko ya timu kuisimamisha saa. Kila timu ina mawili katika nusu ya kwanza na matatu katika nusu ya pili, lakini zikibaki dakika mbili za mwisho haiwezi kutumia zaidi ya mawili. Na katika kila muda wa ziada ina moja. Kila pumziko ni dakika moja. Mchezaji hawezi kuliomba. Huombwa na kocha au msaidizi wake mezani, naye mshika saa hungoja saa isimame kisha huliza honi.

Yaoundé na Munich

Wapenzi wa mchezo huu katika Kenya wataikumbuka tarehe 20 Februari 2021. Siku hiyo, katika mji wa Yaoundé, Kamerun, timu ya taifa ya Kenya ilikuwa ikicheza na Angola, ambayo hadi wakati huo ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Sekunde za mwisho zikiwa zinakwisha, Tylor Okari Ongwae aliutupa mpira, ukaingia pamoja na mlio wa mwisho, na Kenya wakashinda kwa 74 dhidi ya 73. Ushindi wa namna hiyo hukaa juu ya jambo moja. Mlio ukisikika mpira ungali mkononi, kikapu si halali. Ukisikika mpira umekwisha acha mkono, ni halali hata ukiwa bado hewani. Mshika saa akichelewa kuianzisha saa kwa nusu sekunde, hakuna mtu atakayejua ukweli tena. Mwaka ule Kenya walikwenda Kigali kushindania ubingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993, mashindano yalipofanyika Nairobi.

Habari ya pili ni ya huzuni. Katika fainali ya Michezo ya Olimpiki ya Munich, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 1972, Marekani na Muungano wa Kisovieti walifikia sekunde 3 za mwisho. Mmarekani Doug Collins aliangushwa, akafunga mitupo huru yake miwili, Marekani wakaongoza 50 kwa 49. Wasovieti waliurusha mpira, lakini pakatokea vurugu mezani kwa kuwa walidai kwamba walikuwa wameomba pumziko. Mchezo ukasimamishwa, sekunde 1 imebaki. William Jones, katibu wa FIBA, akateremka kutoka jukwaani na kuamuru sekunde 3 zirudishwe, ingawa hakuwa mwamuzi wa mchezo ule. Mpira ukarushwa mara ya pili saa ikiwa bado haijarekebishwa. Honi ikalia, Wamarekani wakaanza kushangilia. Ikaamriwa urushwe mara ya tatu. Ivan Yedeshko akaurusha kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, Aleksandr Belov akaudaka na kufunga: 51 kwa 50. Mwamuzi Renato Righetto wa Brazili alikataa kutia sahihi karatasi ya mchezo. Wamarekani walilalamika, wakashindwa kwa kura tatu dhidi ya mbili, nao hawakuzikubali nishani zao za fedha.

Twaikumbusha habari hii kwa sababu chanzo chake hakikuwa mchezaji. Kilikuwa meza na waamuzi wasiopata kuelewana juu ya pumziko moja na sekunde tatu, na mtu mwenye cheo akaingia mahali pasipo pake.

Sheria za leo husema waziwazi jinsi kosa la namna hiyo lisahihishwavyo. Hesabu ya pointi, ya faulo, ya mapumziko, au muda uliozidi au kupungua, huweza kurekebishwa na waamuzi wakati wo wote kabla ya mwamuzi mkuu kutia sahihi yake. Lakini mitupo huru iliyosahauliwa, au iliyotolewa bure, ina muda mfupi zaidi: baada ya saa kutembea tena na mchezo kusimama mara ya kwanza, kosa lazima ligunduliwe kabla ya mpira kuanza kuchezwa upya. Likipita hapo, limepita.

Kwa hiyo mchezo ukiisha, watu wa mezani wasikunje karatasi upesi. Karani ajumlishe mara ya pili na msaidizi wake akimsomea. Nahodha ambaye timu yake inalalamika kwamba saa au hesabu ilikosewa na haikurekebishwa, lazima amwarifu mwamuzi mkuu na kutia sahihi mahali pake katika karatasi kabla ya dakika 15 kupita. Kisha watu wa mezani hutia sahihi zao, halafu waamuzi wasaidizi, na mwamuzi mkuu wa mwisho kabisa. Sahihi yake ikiisha kukauka, kazi yao imekwisha.